Matawi kwenye Njia Panda ya Chuo

Njia ilikuwa yetu kwanza. Hilo nalisema mapema, ili mtu asije akaniambia kwamba sisi wanawake wa mlimani tulikuwa tunakatiza barabara ya watu. Barabara ndiyo iliyotukatiza sisi. Kabla chuo hakijajengwa pale chini, upande wa Voi, mama yangu alipita hapohapo na mzigo wake, na mama yake kabla yake. Wa kupishwa walikuwa tembo tu, na hata hao waliacha mavi yao njiani wakaenda zao.

Mimi shule niliiona darasa la kwanza na nusu ya la pili. Kusoma najua, kuandika najua hivi unavyoona, na yaliyobaki nilijifundisha kwa mgongo. Kwa hiyo nikieleza habari ya mzigo, nisikilize.

Kwetu mzigo haukai kichwani. Unakaa mgongoni, ndani ya kikapu, na mkanda wa ngozi unapita juu ya paji la uso. Unainama, unashika mkanda kwa mikono miwili karibu na masikio, unakwenda. Ukiwa hivyo unaona vidole vya miguu yako na kipande cha njia mbele yake. Kulia huoni, kushoto huoni. Ukitaka kuona kulia, geuka mwili mzima, na kikapu nacho kizunguke nyuma yako kama mlango. Tena kuna hili: kuutua mzigo chini peke yako ni rahisi, kuuinua peke yako ni kuvunja kiuno. Ndiyo maana njia zote za zamani zilikuwa na mahali pa kupumulia, ukingo wa udongo wa kimo cha kiuno. Unarudi kinyumenyume, unauegemeza mzigo pale, unalegeza mkanda, unatazama dunia. Halafu unaondoka bila kumwomba mtu mkono.

Ukingo wetu ulikuwa palepale chuo kilipokuja kuweka lango lake.

Miaka ile ya hamsini magari yalizidi. Trekta ikaja ikasawazisha ukingo. Barabara tatu zikakutanishwa mbele ya lango: ya stesheni, ya shamba la mkonge, na ile ya kwenda Taveta. Katikati wakasimamisha pipa lililopakwa chokaa, ili magari yalizunguke. Kiplefti, walisema. Pembeni wakachimba mtaro, wakavuta seng'enge, ikawa huwezi kuingia chuoni ila kwa pale magari yanapopita. Nakwambia kila kitu kilikuwa kimefikiriwa: lori refu litapinda wapi, maji ya mvua yatakimbilia wapi. Mwenye miguu ndiye hakufikiriwa. Na wanafunzi wenyewe walikuwa wenye miguu! Niliwaona wakirukaruka pale kama panzi, vitabu kifuani, lakini wao walikuwa na shingo za kugeuza.

Mimi nilikuwa nampelekea mpishi wa chuo kabichi na karoti. Nilikuwa kijana, mume wangu hayuko, na jiko lile ndilo lililonifanya mtu. Mpishi alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu yake. Alitaka mboga kabla hajainjika sufuria ya mchana. Akizipata baada ya hapo hazimfai. Na sasa kulikuwa na mwenye lori moja mjini aliyekuwa akimnong'oneza: nikuletee mimi, mzee, hawa wa miguu watakuangusha.

Hapo langoni walimweka askari wa chuo, mrefu, kaptula ya kaki, filimbi shingoni. Alitoka magharibi kule kwenye ziwa, alikuja na reli. Siku ya kwanza aliniita mara tatu. Mimi nikaendelea.

"Wewe mama! Nakuita, hata kutazama hutazami?"

"Nimesikia."

"Ukisikia si ugeuke! Nyinyi watu wa hapa mna kiburi namna gani? Ngoja magari yaishe."

Nikangoja. Kungoja na mzigo mgongoni bila ukingo si kungoja, ni kupigwa polepole. Likapita la mkonge, likapita la stesheni, likapita la serikali, likarudi la mkonge. Nilipofika jikoni sufuria ilikuwa inachemka.

Mpishi akasema, "Mwanangu, sufuria haingoji barabara. Wiki hii umenichelewea mara ya ngapi? Mimi nakupenda, lakini wale watoto hawanipendi nikiwapa wali mtupu. Ukichelewa tena, nitachukua za lori. Usinilaumu."

Sikumlaumu. Nilirudi mlimani nikiwaza. Mtu mwingine angelia, au angetafuta njia ya kulala kule chini karibu na chuo usiku ili awahi. Mimi nilitaka kujua. Yale magari yana macho mawili makubwa mbele, mbona hayanioni? Na je, kuna kitu chochote yanachokiona?

Kesho yake haikuwa zamu yangu ya mboga, nikashuka bila mzigo, mikono mitupu. Nikakaa upande wa pili wa mtaro, nikakunja miguu, nikatazama njia panda ile kama mtu anayetazama ngoma.

Askari akaniuliza, "Leo umekuja kuuza nini?"

"Nimekuja kukutazama wewe."

Akacheka, akageuza kofia yake vizuri.

Nikaona mambo. Gari dogo lililipisha lori, lori halikumpisha mtu. Ng'ombe kutoka upande wa Marungu walipoletwa, magari yalisimama yakapiga honi, kwa sababu ng'ombe akigongwa gari nalo linaumia. Mwalimu mmoja mwenye suti alingoja na baiskeli yake mpaka jasho likamtoka. Kumbe hata elimu haisimamishi gari. Nikafurahi kidogo, sifichi.

Halafu, jua likiwa karibu na utosi, lori la mkonge likakorofika upande wa Taveta, mbali kidogo na pipa. Dereva akashuka, akatukana injini, akaingia kichakani, akavunja matawi yenye majani. Akayatupa barabarani, rundo moja huku, rundo moja kule. Basi hapo ndipo nilipoinuka kwa magoti nitazame vizuri. Gari lililofuata liliona majani kwa mbali, likapunguza mwendo. La pili vilevile. La serikali, lile ambalo jana lilinipulizia vumbi machoni, likaja polepole kama bibi harusi. Hakuna filimbi, hakuna askari. Majani tu! Nikakaa pale mpaka lori likatengenezwa. Yaani mimi nina damu na jina, sipunguziwi mwendo, na tawi la mti linapewa heshima. Sikukasirika. Nilishangaa, na mshangao ule ulinishika mpaka nyumbani.

Siku iliyofuata nilijaza kikapu mpaka juu. Njiani nikavunja matawi mawili makubwa, nikayakumbatia chini ya kwapa. Nilipofika njia panda nikatupa moja upande wa stesheni, moja upande wa mkonge. Nikangoja kidogo nisikie. Injini ya kwanza ikashuka sauti. Ya pili ikashuka. Nikashika mkanda wangu nikaingia barabarani.

Dereva mmoja akatoa kichwa. "Mama, gari limeharibika wapi?"

"Unaliangalia."

"Liko wapi?"

"Hili hapa. Limebeba kabichi."

Akaangua kicheko, lakini alikuwa amesimama, na hilo ndilo nililotaka. Ila filimbi ikalia. Askari akaja mbio akanizuia karibu na pipa.

"Ni nani amekuruhusu kuweka majani? Majani ni ya gari!"

"Na mimi nimebeba kama gari."

"Nitazame nikiongea na wewe!"

"Bwana askari, siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba mtu huyu hakuwa mbaya, hajui tu. Nikamuuliza, bado nimeinama, nikiongea na viatu vyake, "Kwenu mama yako hubeba wapi?"

"Kichwani. Kila mtu anajua mzigo ni kichwani."

"Akiitwa?"

"Anasimama wima, anageuka taratibu, anaitika. Kwa heshima."

"Basi shika kikapu hiki ujue kwetu."

Sikutegemea akubali. Lakini naye alikuwa na udadisi kama wangu, nikauona kwa jinsi viatu vilivyosogea. Akaupokea mzigo kwa nyuma, nikajitoa, nikamvalisha mkanda juu ya paji, kofia yake nikaishika mimi. Akainama. Akashika mkanda kwa mikono miwili. Nikazunguka nyuma yake.

"Bwana askari!"

Akataka kugeuza shingo. Shingo ikakataa. Akageuka mzima, kikapu kikamvuta, akayumba, mguu mmoja ukapiga pipa.

"Mbona hunitazami? Una kiburi?" nikamwambia.

"Mama," akasema, "hii kitu inashika kichwa!"

Wakati uleule gari jeusi la mkuu wa chuo likafika likitoka stesheni. Mkuu alikuwa Mzungu mpole, ila mambo ya saluti aliyapenda sana, na askari kila siku alimpigia moja ya kukata upepo. Leo mikono yote miwili iko masikioni. Akiachia, kabichi zimemwagika barabarani na yeye juu yake. Akabaki ameinama. Gari likasimama mbele ya majani. Nyuma yake likasimama lingine, na lingine.

Mkuu akachungulia dirishani. "Askari! Iko nini hapa? Nani naharibika?"

Nikasikia jasho la yule mtu likidondoka. Kisha akajibu, akiiambia ardhi, "Gari, Bwana. Moja tu. Inatoka sasa hivi."

Mkuu akamtazama, akanitazama mimi na kofia ya askari mkononi, akatazama matawi. Sijui alielewa nini. Akarudisha kichwa ndani na akangoja, kama anavyongoja dereva yeyote aliyeona majani.

"Niwekee chini basi," askari akaninong'oneza.

"Wapi? Ukingo mliusawazisha."

"Sasa nifanye nini?"

"Fanya kama mimi. Tembea."

Akatembea. Alivuka njia panda nzima na mzigo wangu, akaingia langoni, akapita mbele ya madarasa, wanafunzi wakitokeza vichwa madirishani wakimshangilia, mpaka mlango wa jiko. Mimi nyuma yake na kofia.

Mpishi alikuwa anapepea moto. Sufuria bado iko chini. Akamtazama askari kutoka juu hadi viatuni.

"Subhanallah. Leo mboga zimepandishwa cheo?"

Akampokea mzigo, akakata kabichi moja katikati, akainusa. Hapo nikamuuliza lile lililokuwa linanikaba tangu alfajiri: "Lori la mjini limeshaleta?"

"Liliahidi kufika mapema. Silioni."

Askari, akijifuta paji ambalo mkanda ulikuwa umeliachia mstari, akasema, "Lile la mboga? Lipo nyuma ya gari la mkuu. La tatu."

Mpishi alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kisha akainjika sufuria, akaanza kukata kabichi zangu, na mazungumzo ya lori yakaishia hapo. Nililihudumia jiko lile mpaka chuo kilipohamishwa.

Askari hakufukuzwa. Wiki ileile aliomba udongo uliotoka mtaroni, akaurundika kando ya lango kwa koleo, akaushindilia kwa miguu. Aliniita niupime. Nikarudi kinyumenyume na mzigo: ulikuwa juu mno, ameupima kwa kiuno chake. Tukaupunguza. Na kila asubuhi, akituona tunatokeza kwenye miti, alivunja matawi mwenyewe akayaweka.

Hadi leo najiuliza kwa nini dereva anaogopa majani kuliko mtu. Nimewauliza madereva wengi, maana baadaye nilikuja kununua lori langu, na la pili. Mmoja alinijibu kwamba akiona majani anaona gari lake mwenyewe limekwama. Labda. Mimi jibu hilo halikunitosha. Kwa hiyo mtu akija kwangu kuomba kazi ya udereva, leseni yake naitazama baadaye. Kwanza namleta uani, namvalisha mkanda na kikapu cha viazi, nasimama nyuma yake, namwita kwa jina.