Sahani ya Mpishi

Mwenye mkahawa wa njia ya Ole huosha vyombo mwenyewe, wala si kwa kukosa mwoshaji. Wateja wake wana haya mno: ukiwauliza chakula vipi, watakwambia kizuri, alhamdulillahi, na nusu yake wameiacha. Sahani haijui kuona haya. Basi kila adhuhuri hukunja mikono ya kanzu, akainamia karai, akapekua mabaki kwa ncha ya kidole, midomo ikimcheza kama anayesoma barua. Samaki kaisha, vyema. Muhogo wa nazi umerudi, basi mgumu huo, kesho uchemshwe zaidi.

Bi Ghaliya, mpishi wake, humtazama akacheka moyoni.

Juzi muhogo ulirudi kwa siku ya tatu. Akamgeukia mpishi. “Bi Ghaliya, mbona sahani yako siioni humu?”

“Mie nala changu, nakuja nacho kutoka nyumbani. Nazi zako zina mvundo tangu Jumamosi, bwana. Nawe hujaniuliza.”

Bwana akakung'uta povu vidoleni.

Jana zililetwa nazi nyingine. Sahani ya mwisho kufika karaini ilikuwa ya Bi Ghaliya. Mwenye mkahawa aliigeuza huku na huku, hakukuta cha kusoma. Akaiosha polepole kuliko zote.