Hagdal au Crowell

Mwaka 1991 shemeji yangu Delmar Ostby alibadili maganda ya risasi mara nne kati ya Juni na Septemba, na mara zote nne nilitamani kumnyang'anya ule mzani wake mdogo wa kupimia maganda niutumbukize kisimani.

Delmar ni mume wa dada yangu Marlys. Alikuwa fundi wa matrekta katika Bonde la Harlow, huku kwetu Montana, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache. Kama wengi wetu, hakununua risasi zilizo tayari, alijitengenezea mwenyewe kwenye gereji yake. Unachukua ganda tupu la shaba, unachomeka kitakoni kiwashio cha kulipua baruti, unamimina baruti uliyoipima, unakandamiza kichwa cha risasi mdomoni. Ukishapiga unaliokota ganda lako, unalisafisha, unalijaza tena. Sisi wengine tulijaza yoyote tuliyokuwa nayo. Delmar hakuweza.

Mwaka ule alikuwa na sababu. Kwa miaka ishirini na tatu alikuwa akiomba kibali cha kuwinda kondoo mwitu dume, wale wa milimani wenye pembe zilizojikunja. Vibali hivyo hutolewa kwa bahati nasibu, na mwezi wa Juni bahasha ikaja. Kibali kimoja, dume mmoja, na bondeni kwetu hakuna aliyewahi kukipata mara mbili.

"Hagdal," aliniambia wiki ile ile, akinionyesha boksi la buluu la maganda lililotoka Norwe. "Nimepima hamsini, Royce. Hayapishani hata chembe."

"Basi chukua Hagdal tulale."

"Ila vitako vyake laini. Ukijaza mara tatu, kiwashio kinacheza."

"Shemeji, wewe unataka kupiga mara moja. Dume mmoja. Hiyo mara ya tatu unampiga nani?"

Hakucheka. Wiki mbili baadaye alikuwa amerudi kwenye Crowell, maganda ya kiwanda cha hapa Marekani, magumu lakini kila moja na uzito wake. Na huwezi kuchanganya. Ganda lenye kuta nene lina nafasi ndogo ndani, kwa hiyo baruti ile ile inasukuma kwa nguvu nyingine na risasi inakwenda kwingine. Kila alipobadili, alianza upya: kupima, kujaza, kwenda kupiga karatasi za shabaha kwenye machimbo ya kokoto, kurudi na uso umekunjamana. Julai Hagdal. Agosti Crowell tena. Nilikuwa nikipita kwake nasikia mzani ukigonga, naghadhibika peke yangu ndani ya gari.

Niseme ukweli, hasira ile haikuwa ya mzani.

Mwaka 1972 tulikuwa mimi na yeye juu ya Bonde la Harlow, na ng'ambo ya korongo akasimama kulungu dume. Mimi kazi yangu ni kufunga uzio wa seng'enge, na watu husema jicho langu halihitaji kamba ya kupimia. Delmar akaniuliza umbali. Nikamwambia yadi mia tatu, piga. Akapiga. Risasi ikashuka, ikamvunja mnyama mguu wa mbele. Tulifuata damu siku mbili mpaka theluji ikaifunika. Delmar alilia bila kujificha. Kisha akalitazama ganda lake, la Crowell, akaona ufa mwembamba mdomoni. Basi, kosa likawa la ganda.

Masika iliyofuata nilikwenda peke yangu na kamba ya kazini nikapima lile korongo. Yadi mia nne na sitini. Ufa ule mdogo usingeweza kuishusha risasi kiasi kile. Nikakunja kamba, nikarudi nyumbani, nikanyamaza. Miaka kumi na tisa nilikuwa nikimwona anapima maganda, na mimi nanyamaza.

Agosti ilipokuwa inaisha Marlys alinizuia mlangoni kwake, mikono ina unga.

"Kaka, zungumza naye. Amekonda. Juzi kapima kijiko changu cha chai."

"Mume wako huyo."

"Wewe ndiye anakusikia. Mimi ananiambia, 'Sitaki kumtesa mnyama mwingine, Marlys,' halafu anarudi gereji. Nitamjibu nini?"

Nilimwambia nitazungumza naye. Nikaenda zangu kufunga uzio wa watu.

Katikati ya Septemba tulipanda milimani. Asubuhi ya kuondoka, mfukoni kulia alitia risasi tano za Hagdal, kushoto tano za Crowell, na njia nzima mkono wake ulikuwa ukitoka mfuko huu ukienda ule. Siku ya tatu, jua limeshapanda, tukamwona dume. Alikuwa amesimama kwenye jabali ng'ambo ya bonde la mawe, pembe zimezunguka mpaka kwenye taya. Tukalala kifudifudi. Delmar akatia Hagdal, akaitoa, akatia Crowell.

"Royce," akanong'ona. "Umbali gani?"

Nilikiona kipimo kichwani, mia tatu na kitu, na sikukiamini.

"Sijui," nikasema.

"Husemagi sijui."

"Mwaka ule nilikudanganya, Delmar. Yule kulungu. Nilikwenda kupima baadaye. Mia nne na sitini. Ganda lako halikuwa na kosa. Mimi ndiye niliyekosea, na nikakuacha na ufa wako."

Hakugeuka. Niliona taya lake tu likitembea. Nilingoja tusi, nililitamani hasa. Badala yake akaanza kutambaa kushuka kwenye mawe, bila kuniita, bila kubadili ganda lililokuwa ndani ya bunduki.

Alitambaa zaidi ya saa nzima. Nilimpoteza, nikamwona, nikampoteza tena. Mlio ulipokuja ulikuwa mmoja, na dume akapiga magoti, akalala. Nilipofika, Delmar alikuwa ameketi kando yake, hatua arobaini tu kutoka mahali alipopigia, mkono juu ya ubavu wa mnyama. Tulichuna na kugawa nyama. Alipomaliza kufuta kisu aliingiza mkono mfukoni, akatoa lile ganda moja tupu, akaliweka kwenye kiganja changu na kunifumba vidole juu yake.

"Miaka kumi na tisa nimepima mimi," akasema. "Sasa pima wewe."

Akabeba kichwa cha dume, akatangulia kushuka.