Mjomba wa Dakika Saba

Saa moja na robo asubuhi. Ndani ya kibanda cha bati kilichobanana na ngazi za jengo la mihadhara, mwanamume wa miaka arobaini na mitatu anamenya mayai. Analigonga yai mezani, analibingirisha kwa kiganja, kisha anavuta ganda karibu lote kwa mkupuo mmoja. Amekwisha kumenya sitini. Yamebaki hamsini.

"Mwanafunzi hamenyi yai," anasema bila kuinua macho. "Ukimpa na ganda lake analitupia kwenye mkoba, analisahau humo, linaoza. Lawama napewa mimi."

Chuo kizima kinamwita Mjomba, wakiwemo wahadhiri waliomzidi umri. Lakini mwenye haki hasa ya jina hilo ni mmoja tu, binti wa dada yake, aliye mwaka wa mwisho hapa chuoni. Leo saa tatu binti huyo ana mtihani wa takwimu, katika chumba kilekile cha ghorofa ya pili alikoanguka mwaka jana akiwa anaufanya. Akiukosa tena, hatahitimu na wenzake.

Mjomba anasema hana wasiwasi. Muda si mrefu yai linamponyoka na kuangukia sakafuni, na ni la pili tangu afungue kibanda.

Kwa miaka tisa hapa palikuwa pa chipsi. Foleni ilipinda hadi nyuma ya jengo, na kwa siku zilitoka sahani mia mbili. Mpwa wake alipopata nafasi chuoni, mama mtu alimkabidhi kwa kaka yake kwa maneno machache: huyu ni wako, asilale njaa. Mjomba alilipokea agizo hilo kwa mikono miwili. Sahani ya binti ilijaa kuliko za wengine, na hakutozwa hata senti. Mchana alikula palepale, jioni akafungiwa nyingine, akashushia soda na kurudi kwenye vitabu vyake. Kila mmoja aliona mambo yanakwenda vizuri.

Hata uchovu wa binti waliuona wa kawaida. Ni nani chuoni asiyechoka?

Siku ya mtihani alifika swali la tatu, akasimama kuomba karatasi ya ziada, akaenda chini na kiti chake. Hospitali, Mjomba alikuwa amesimama pembeni ya kitanda daktari alipoanza kuuliza maswali.

"Akamwambia damu yako imepungua sana, unakula nini?" anasimulia. "Mtoto akajibu, chipsi za mjomba. Kila siku? Kila siku. Tena alisema ananitazama, anatabasamu, kama ananisifia kwa daktari. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

Daktari hakumlaumu. Alieleza tu kwamba viazi na mafuta peke yake havitoshi, akataja maharage, mboga za majani, mayai na matunda. Dada yake naye hakumlaumu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Binti aliahirisha masomo kwa mwaka mzima.

Wiki iliyofuata Mjomba alimwaga mafuta, akasugua meza, akaligeuza karai la kukaangia juu chini. Tangu siku hiyo analitumia kama kigoda.

Mkewe, ambaye ni fundi cherehani, alimtazama siku mbili tatu kisha akamweka kitako. Alimwambia kwamba kama ni adhabu anajipa, ajipe peke yake, watoto wasiingizwe. Mjomba anakiri kuwa mke wake alikuwa na hoja, maana mwanzo ulikuwa mbaya kuliko hata alivyohofia.

Kosa lilikuwa kibao. Aliandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: CHAKULA CHA AFYA. Wanafunzi walikisoma, wakapita. Siku tisa alirudi nyumbani na masufuria yaliyojaa, familia ikala maharage mpaka ikayachoka. Siku ya kumi kijana mmoja alimsogelea kwa heshima zote, akamuuliza kama ni lazima mtu aje na cheti cha daktari. Walidhani ni chakula cha wagonjwa.

Alikifuta siku hiyohiyo. Kisha akakaa kwenye ngazi na simu mkononi, akaanza kupima. Kati ya mhadhara na mhadhara kuna dakika kumi. Tatu zinaliwa na ngazi. Zinabaki saba, na ndani ya dakika hizo mwanafunzi anataka kula, kunywa maji, kujibu ujumbe na kunakili kazi ya mwenzake.

Basi akapika chakula cha kumalizika ndani ya muda huo. Wali na maharage visivyo vya moto wa kuunguza ulimi, yai lililomenywa, papai lililokatwa vipande, vyote kwenye kopo moja la mfuniko na kijiko chake. Hakuna mfupa, hakuna ganda, hakuna kokwa. Mboga na karoti anazikatakata ndogo kabisa, kwa sababu kulikuwa na jamaa mmoja mrefu aliyekuwa akizitoa moja moja kama anayechambua mchele. Sasa anazila bila kujua, au anajua na amekata tamaa. Kibao kipya kina maneno mawili tu: DAKIKA SABA.

Leo anauza makopo mia na kumi kwa siku. Hajafikia zile sahani mia mbili, wala hadanganyi kwamba amezifikia. Lakini mkewe ameacha kuuliza kama bado anajiadhibu, na Ijumaa huja kuchukua kopo lake.

Saa mbili na nusu binti anafika, kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umelala?"

"Nimelala."

Anapokea kopo, anakaa ngazi ya kwanza, anakula taratibu huku anasoma karatasi iliyokunjwa mara nne. Mjomba anafuta meza ambayo tayari ni safi. Anaifuta tena binti anapopanda ghorofani.

Kwa saa tatu zinazofuata anahudumia foleni mbili, na kila mlango wa juu unapobamizwa anainua kichwa. Anaogopa, na uso wake hauna pa kuificha hofu hiyo.

Saa sita na dakika tano wanafunzi wanaanza kushuka. Binti ni miongoni mwa wa mwisho. Anashuka kwa miguu yake mwenyewe, anaweka kopo tupu dirishani, anaegemea.

"Nimejibu yote," anasema. "Mengine Mungu anajua."

Mjomba anaitikia kwa kichwa.

"Nina ombi lakini. Siku ya mahafali nataka chipsi. Zako."

Mjomba anajifuta macho kwa pindo la aproni mbele ya foleni nzima. Anamwambia atampa sahani moja, na mboga juu.

Mahafali ni miezi minne ijayo. Binti anapoondoka, Mjomba ananyanyuka, analigeuza karai na kuanza kulisugua. Alasiri yote anauza akiwa amesimama.