Vyuma Vinne vya Springi

Kila ninaponusa oili chafu ya gari, narudi Awendo, kwenye gereji ya Fundi Salim, ambako harufu hiyo ilichanganyika na ya molasi kutoka kiwanda cha sukari hadi ungedhani unailamba. Nilikuwa na miaka tisa, katikati ya miaka ya tisini. Baba yangu, mkulima wa miwa kule Uriri, alikuwa na gari kuukuu la fo-wili ambalo alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri. Likitembea, lilipiga kelele kama sufuria zinazogombana. Kama wenye magari wengi wa kwetu, Baba alikuwa ameliongezea vyuma kwenye springi za nyuma, viwili kila upande, ili lisichuchumae likipakiwa miwa yetu na ya majirani. Likiwa na mzigo lilitulia. Likiwa tupu lilirusha watu. Mgongo wangu wa miaka tisa haukujali.

Mgongo wa Dani, mama yake Baba, ulijali sana. Mwaka huo habari zilifika kwamba dada yake, wa pekee aliyebaki, aliyeolewa Kisegi, mbali kule upande wa ziwani, alikuwa mgonjwa na alimwita. Baba akampakia Dani garini. Hatukufika hata sokoni kabla hajagonga dashibodi kwa fimbo akitaka kushushwa. Alirudi kwa miguu, akipumzika kila baada ya hatua chache, nasi tukimfuata polepole na gari letu la aibu. "Mwambieni dada yangu tutaonana mbinguni," alisema kwa Kijaluo, akaingia chumbani kwake. Nilimsikia akilia. Sikuwa nimewahi kumsikia mtu mzima akilia pasipo na msiba, na niliogopa.

Kesho yake Baba alinichukua tukaenda Awendo. Fundi Salim, mtu wa Lamu aliyekuja zamani akazoea matope yetu, aliingia chini ya gari, akatoka akicheka.

"Baba Atieno, gari hili umelitengenezea miwa. Mama si miwa."

"Si unipakie tu grisi, fundi?"

"Grisi nitapaka, kutu nitasugua, bushi za mpira nitabadilisha. Lakini vyuma ulivyoongeza lazima vitoke. Na vikitoka, miwa usiguse. Ukipakia, springi zitakatika."

Msimu wa kukata miwa ndio kwanza ulikuwa unaanza, na majirani walikuwa wamekwisha kumwambia Baba wanamtegemea. Alipangusa mikono yake kwenye suruali, ingawa haikuwa michafu.

"Toa," alisema.

Mtihani ulikuwa kibuyu cha uji. Nilikaa mbele, mahali pa Dani, nimekipakata, na kila tulipovuka shimo Baba aliuliza, "Umemwagika?" Ulimwagika mara moja tu, darajani, kwenye gauni langu. Baba akasimama, akapunguza upepo kwenye magurudumu, akarudia daraja lile lile. Kusema kweli nilinuna kidogo, kwa sababu gari lilikuwa limetulia na halikunirusha tena.

Jumamosi Dani alipanda, fimbo tayari mkononi. Tulipopita Homa Bay, lami ikabaki nyuma na kokoto zikaanza, nami niliyekuwa nyuma nikangoja kusikia dashibodi ikigongwa. Badala yake Baba alinionyesha kwa kidevu. Dani alikuwa amelala, mdomo wazi. Kisegi tulimkuta dada yake hai, wakashikana mikono, na papo hapo wakaanza kubishana ni nani aliyemvunja mwenzake jino utotoni.

Siku hizi kuna lami hata mahali ambapo hatukuitarajia, na gari langu hupita juu ya mashimo bila kunijulisha. Mwaka jana, nikisafisha stoo ya Baba, nilikuta vile vyuma vinne vimepakwa grisi na kufungwa vizuri ndani ya gunia. Kumbe alikuwa amepanga kuvirudisha. Dani aliishi miaka saba baada ya safari ile. Alikwenda Kisegi kila alipotaka, hata baada ya dada yake kufa, kukaa tu na watoto wa marehemu, na miaka hiyo yote miwa yetu ilibebwa na magari ya watu wengine. Nilimuuliza Baba, ambaye sasa mgongo wake mwenyewe unamsumbua, kwa nini hakuvirudisha. Alilivuta gunia, akalifunga upya taratibu.

"Mama hakuniambia amemaliza kwenda," alisema.