Ukurasa wa Kitovu

Albamu niliinunua Thika, kwenye duka la vitabu karibu na stendi, nikiwa na mimba ya miezi saba na akili iliyokuwa imetangulia likizo. Ilikuwa na jalada la kitambaa na kurasa nene zisizo na kitu. Mume wangu aliigeuzageuza, akauliza kama simu yangu imeharibika, maana picha siku hizi hukaa kwenye simu. Nilimwambia simu huibwa. Sikumwambia sababu yenyewe. Tangu tuoane tulikuwa tumehama mara tatu, zote nyumba za kupanga, na sasa tulikuwa Gatongora, Ruiru, ghorofa ya juu ambako maji hufika yakipenda. Nilitaka mtoto wangu awe na mahali pamoja ambapo mwenye nyumba hawezi kuja kugonga mlango.

Msichana alipozaliwa, nilibandika kila kitu kilichokubali gundi. Utepe wa hospitali aliofungwa mguuni, kishungi cha nywele, hata kipande cha karatasi ya mandazi niliyokula nikisubiri uchungu ukolee. Nyayo zake nilizipaka wino wa muhuri ambao mume wangu aliuazima kazini. Alama ilitoka vizuri sana. Miguu nayo ilibaki ya zambarau mpaka muuguzi wa kliniki akaniuliza, kwa upole wa kutisha, kama nyumbani kuko salama.

Kisha kitovu kikadondoka. Kilikuwa kitu kidogo, cheusi, kigumu, kisicho na sura. Nilikitia kwenye kimfuko cha plastiki cha kuwekea shanga, nikakibandika kwenye ukurasa wake peke yake, nikauchorea maua pembeni. Nilijiona mama wa kisasa kabisa.

Mama mkwe alikuja kutoka Kalimoni na njahi zilizopikwa, yale maharage meusi ya kumwongezea mzazi maziwa, ndizi, na swali. Swali lilitangulia salamu.

"Kitovu kiko wapi? Nataka kukipeleka nyumbani tukizike."

"Nimekiweka kwa albamu, mami."

"Ngai! Mtoto ana jina langu, halafu umebandika kitovu chake kwa karatasi kama notisi ya kukatiwa stima?"

"Ni ya kumbukumbu tu."

"Mtu hukumbukwa na mchanga. Kesho akiulizwa kwao ni wapi, atasema kwao ni ukurasa wa nne?"

Nilichemka. Lakini mzazi mchanga anayekula njahi za mama mkwe hana pa kusimamia, kwa hiyo nilimeza mate na njahi pamoja. Hasira yote nilimpelekea mume wangu jikoni. Nilimwambia hicho kitu hakitoki hapa, kisha nikalia, jambo lililotushangaza sote wawili.

Ni kwamba mimi nilizaliwa Makongeni, kwenye chumba kimoja cha wafanyakazi wa kiwanda. Nikiwa shuleni nilimwuliza mama yangu kitovu changu kilizikwa wapi, kwa sababu wenzangu walikuwa wakitajiana mashamba. Alicheka. Akasema ploti nzima ilikuwa simiti, labda kilienda na takataka. Nami nilicheka, na nimeendelea kucheka kila mtu akiniuliza kwetu hasa ni wapi. Sasa mara hii nilikuwa na kitovu mkononi, na sikuwa tayari kumpa mtu, hata mwenye shamba.

Mume wangu ni mtu wa amani, yaani muoga. Alibaki jikoni kitambo, akatoka na kitu kidogo kilichofungwa kwa tishu, akampa mama yake kwa mikono miwili kama anatoa sadaka. Mama mkwe alikitia kwenye kitambaa cha pesa, akakiingiza kifuani, akaondoka akiimba wimbo wa kanisani. Baadaye nilipotaka kupika chai niliona tangawizi yetu imekatwa pembe moja. Nilicheka mpaka nyuzi nilizoshonwa nikijifungua zikauma.

Walizika huko Kalimoni, kando ya migomba, pale maji ya vyombo humwagwa. Tulitumiwa video. Mama mkwe aliomba kwa Kikuyu, maombi marefu, majirani wakiitikia, na sisi kwenye kochi letu Gatongora tukaitikia amina kwa ajili ya tangawizi. Mume wangu hakuthubutu kuniangalia.

Mvua za masika zikaja, zikaenda. Mtoto alikuwa ameanza kukaa bila kuegemezwa mama mkwe alipotokea tena, bila simu wala taarifa. Aliketi, akafungua kiondo, akaweka mezani tangawizi yenye udongo na majani mabichi.

"Kitovu cha mtoto wako kimeota," alimwambia mume wangu.

Mume wangu alikumbuka ghafla kwamba gesi inakaribia kuisha, akaenda kuitafuta. Aliuacha mtungi jikoni.

Nilibaki mimi, mtoto, na ile tangawizi. Nilianza kuomba msamaha, lakini alinikatiza kwa mkono. "Nimeipikia chai, na nyingine bado iko ardhini. Ni kali sana. Hebu lete hiyo albamu."

Hakuna aliyewahi kuniomba kuiona. Alivaa miwani, akafungua ukurasa mmoja mmoja akilowesha kidole kwa mate, nami nikavumilia. Miguu ya zambarau aliicheka. Kwenye ukurasa wa kitovu alikipapasa juu ya plastiki.

"Hiki kikae hapa. Mkihama tena, msibebe televisheni kwanza, mbebe hii." Kisha akavua miwani. "Na chako kiko wapi?"

Nilitaka kucheka kama kawaida yangu. Kicheko kilikataa kutoka. "Hakuna anayejua, mami. Makongeni kulikuwa simiti." Nilisikia uchungu, uchungu wa mtoto wa shule, na niliona aibu kuusikia nikiwa na mtoto wangu mwenyewe mapajani.

Alichukua tangawizi, akakwangua udongo kwa ukucha.

"Basi ile niliyozika ni yako," alisema. "Niliombea mtu wa nyumba yangu, na wewe ni mtu wa nyumba yangu. Sitaomba tena kutoka mwanzo, magoti yanauma. Lakini huyo bwana yako usimwambie. Wacha aogope kidogo."

Mume wangu alirudi baada ya saa nyingi, bila gesi, akatukuta tunakunywa chai. Hajajua mpaka leo kwamba amesamehewa.

Siku hizi mtu akiniuliza kwetu ni wapi, sicheki. Nasema ni Kalimoni, kando ya migomba. Na kukiwa na baridi, majirani wa mama mkwe huja pale kunichimba kidogo wapate tangawizi ya chai.