Nyuzi Mbili Katika Kitabu Kimoja

Kaka yangu alipooa, katikati ya miaka ya tisini, niliyefaidika zaidi ni mimi. Bibi harusi aliletwa nyumbani kwetu Mji wa Kale na makasha mawili. Mama aliyatazama yakipandishwa ngazi, akauliza lile la pili lina vyombo gani, mbona wachukuzi wanahema. Wifi akajibu kwa haya, "Ni vitabu, mama. Vya baba."

Baba yake alikuwa mwalimu mstaafu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, nimeomba nafasi katika chuo cha ualimu huko bara, na sina la kufanya ila kungoja. Vitabu vyangu mwenyewe vilikuwa vitano, na vyote nilikuwa nimevisoma hata migongo ikakatika.

Haikupita wiki tukawa tunasoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja. Yeye alitia uzi mwekundu pale alipofika, mimi wa kijani. Yeye alisoma asubuhi, chakula kikiwa jikoni. Mimi baada ya adhuhuri, kaka akisharudi kazini. Aliyekuwa mbele hakuruhusiwa kusema kitu, wala kuonyesha kwa uso. Hilo la uso lilimshinda. Nikimkuta anakuna nazi, amekaa juu ya mbuzi, kitabu kimefunuliwa kwenye ngazi mbele yake na macho yamemwiva, nilijua kuna mtu anakufa katika sura inayofuata. Mpaka leo nadhani baadhi ya kurasa zile zina chembe za nazi.

Nilikuwa na tabia ya kusoma ukurasa wa mwisho kwanza. Aliiona kama wizi. Naye alikuwa na yake: kitabu kipya hakukifungua kabla ya kukivika jalada la karatasi ya kalenda kuukuu, na kulibandika kwa uji wa ngano. Vitabu vyake vyote, sitini na kitu, vilivaa miezi na tarehe zilizopita.

Barua zetu zilipitia sanduku la posta la ofisi ya kaka, kampuni ya malori huko Shimanzi. Kila aliporudi kula nilimtazama mikono kabla ya uso. Hakuwa na kitu. Mwezi wa kufunguliwa vyuo ulifika, ukapita. Siku niliyokata tamaa niliingia chumbani kwa wifi nikalia. Alinipangusa kwa ncha ya leso yake.

"Labda si riziki yako mwaka huu," akanambia. "Utaomba tena."

Kesho yake alitoka, akarudi na riwaya nene aliyoinunua kwa mchuuzi wa vitabu kando ya soko. Akaniachia niianze mimi. Hakuwahi kuniachia nianze. Niliona nimepata dada.

Masika ya mwaka uliofuata paa lilivuja juu ya kasha la vitabu. Wifi alikuwa amekwenda kwao kumwangalia mamake, basi nikavitoa mimi, nikavipanga juu ya mkeka, nikaanza kuyabandua majalada yaliyolowa ili vikauke. Cha saba au cha nane kilikuwa kinene upande mmoja. Kati ya karatasi ya kalenda na gamba la kitabu palikuwa na bahasha ya kaki, imefunguliwa, ina jina langu.

Chuo kilikuwa kimenikubali. Tarehe ya kuripoti ilikuwa imepita miezi saba.

Nilikaa pale pale. Wifi alirudi baada ya alasiri, buibui limelowa pindoni. Aliuona mkeka, akaiona barua mkononi mwangu. Akalivua buibui polepole, akalikunja, akaketi.

"Kaka anajua?" nikamwuliza.

"Yeye ndiye aliyeileta, akanipa nikupe. Siku ya pili akaniuliza imesemaje. Nikamwambia wamekukataa, asikutajie, utaona haya."

Nikaelewa kwa nini kaka alikuwa mpole kwangu miezi yote ile, na vile viatu alivyoninunulia si Idi wala arusi. Alikuwa akinihurumia kwa jambo ambalo halikutokea.

"Na mimi ukanifuta machozi."

Aliunyosha ukingo wa buibui alilolikunja.

"Mbona hukuichana?"

"Nalitaka kukupa. Kila siku nalisema kesho. Halafu tarehe ikapita, ikawa siwezi tena." Aliangalia vidole vyake. "Ungekwenda, ningesoma na nani? Humu ndani hakuna anijuaye ila wewe."

Kama angesema alinionea wivu, ningejua pa kuipeleka hasira yangu. Niliinuka, nikavibandua majalada vitabu vyote vilivyobaki, vilivyolowa na vikavu, kimoja kimoja, mbele yake. Nilikuwa natafuta barua nyingine. Haikuwako. Yeye hakunizuia. Alizikusanya zile karatasi zilizochanika, akazikunja vizuri kana kwamba zitatumika tena.

Sikumwambia kaka. Wifi alikuwa na mimba ya miezi mitano, na nilimjua kaka yangu. Angemrudisha kwao usiku haujaingia. Basi siri yake ikawa siri yangu, na hilo nalo lilinikera, kwamba amenidhulumu kisha nimlinde. Mezani tulipeana sahani na kuitana wifi kama kawaida. Mama aliuliza mara moja kwa nini siku hizi hatusomi. Nikasema macho yananiuma.

Niliomba tena, safari hii kwa sanduku la posta la mwalimu wangu wa zamani, na bahasha nikaipokea kwa mkono wangu. Asubuhi niliyoondoka wifi aliningoja kwenye ngazi, mtoto begani, na furushi la chapati. Juu ya furushi palikuwa na kitabu, jalada lake jipya. Nilichukua chapati. Kitabu nilikiweka kwenye ngazi, nikashuka.

Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi sasa. Nasoma peke yangu, na sijapata tena mtu wa kunifahamu kwa kitabu kama alivyonifahamu yeye. Hilo ndilo nisilomsamehe, zaidi hata ya ule mwaka alionipotezea. Mimi naye hukutana arusini na matangani. Huulizana juu ya watoto na magoti ya mama.

Mara moja tu, tukichambua mchele kwa karamu ya jamaa yetu, aliuliza bila kuinua uso, "Unasoma nini siku hizi, wifi?"

"Sipati wakati," nikamjibu.

Mkoba wangu ulikuwa wazi kando yangu na kitabu kimechomoza nusu. Alikiona. Akaendelea kutoa mawe kwenye mchele.