Kijani cha Bawa la Kushoto

Mtu akiniambia kuwa kitu cha bure hakina ubaya, mimi huondoka. Nikifungua mdomo nitamtukana.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifundisha kompyuta katika chuo kidogo cha Thika, na kila jioni nilirudi Ruiru kwa baba. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi ndege ndogo za watalii, hadi kiharusi kilipomwangusha. Ndege aliyoipenda zaidi, nyeupe yenye mstari wa kijani, ilishauzwa ng'ambo. Nikaapa kwamba ataiona tena kabla hajafa, katika mchezo wa kurusha ndege uliokuwa kwenye kompyuta yangu kuukuu. Umbo la ndege ya aina ile lilikuwemo. Kazi yangu ilikuwa kulichorea ngozi, yaani rangi na alama za nje: mabawa, mkia na ubavu.

Muuzaji mmoja wa kompyuta Thika, aliyevaa tai shingoni, alinionyesha programu ya kuchorea iliyozidi bei ya kompyuta yenyewe, akasema bila hiyo nisijisumbue. Nakala za wizi zilikuwa tele, lakini moja ilishaingiza virusi chuoni na lawama nikabeba mimi. Nikachagua ile programu ya kuchora inayokuja na kompyuta. Kwa bati lililochubuka nilitumia karatasi ya rangi ya fedha ya pakiti za sigara, kwa kutu msasa uliochakaa, na rangi nikachanganya zile za maji za watoto wa shule. Vyote nilivipitishia skana ya mkono ya kuazima, isiyozidi upana wa kiganja. Nilijiona mjanja kweli.

Kijani chenyewe ndicho kilichonishinda. Kilikuwa mahali pamoja tu, kwenye picha iliyoning'inia sebuleni: baba akiwa kijana, na ovaroli yake, ameegemea bawa la kushoto. Hakupenda kupigwa picha, na hiyo ndiyo pekee aliyowahi kuikubali. Siku shangazi alipompeleka kliniki, niliitoa kwenye fremu. Ilikuwa imejikunja na skana ikawa inaruka. Ningeweza kuipitisha vipande vipande, lakini kuviunganisha kwa programu yangu ya bure kulikuwa kazi ya wiki nzima, nami sikuwa na subira. Nikachukua mkasi, nikalikata bawa, nikaligundisha juu ya kadibodi. Kipande kilichobaki nilikigeuza, nikajaribia rangi mgongoni mwake mpaka kikalowa na kuchanika, kikaenda na takataka. Mawazo yangu yote yalikuwa kwenye kijani.

Jumapili, baada ya chai, nilimketisha mbele ya kompyuta. Aliniita maitu siku zote, yaani mama kwa Kikuyu, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake. Alilitazama bawa kwenye skrini kwa muda mrefu, akaligusa kwa mkono uliobaki na nguvu.

"Rangi ni yenyewe," akasema. "Lakini maitu, hapa ndipo nilikuwa nimesimama. Mimi niko wapi?"

Nikamdanganya kwamba picha iko kwa fundi wa fremu. Aliiulizia mara mbili tena, kisha akaacha. Nadhani alijua, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Alipofariki, kamati ya mazishi ilitaka picha ya kuweka kwenye karatasi ya ibada. Uso kwenye kitambulisho chake ulikuwa umefutika. Shangazi akanitazama mbele ya watu wote, nami nikasema sina. Mahali pa uso wake tukachapisha msalaba.